Kabla ya Kemo, Weka Kando Pesa za Dawa ya Sukari

Mama wa mwenzetu mmoja hapa ofisini alipatikana na saratani ya matiti. Wakati huo alikuwa ameishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka 11 na ameuzoea: vidonge asubuhi na jioni, kujidunga kidole, chai bila sukari. Familia ikafanya kile ambacho familia nyingi za Kenya hufanya. Grupu ya WhatsApp ilifunguliwa siku hiyo hiyo, mjomba akawa mweka hazina, na baada ya wiki tatu pesa za kuanzia kemo zilikuwa zimepatikana.

Siku ilipofika, mama na binti yake walipanda matatu ya alfajiri kutoka Kitui hadi Nairobi. Damu ikapimwa. Sukari ilikuwa 19. Daktari akawaambia kwa upole kwamba kemo haitawezekana leo, warudi nyumbani sukari ishuke kwanza. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha njiani, siku nzima ya kazi ya binti, vyote vikaenda hivyo.

Jioni mwenzetu akamuuliza, "Mama, si unameza dawa?" Mama alinyamaza, kisha akasema dawa za sukari ziliisha wiki mbili zilizopita. "Mmechangisha pesa za saratani," akasema. "Ningeombaje tena za sukari?"

Mwenzetu na mama yake wameturuhusu tuisimulie hadithi hii. Sisi kazi yetu ni pesa za kwenye simu, si matibabu. Lakini tukiangalia vizuri, shida hapa ilianzia kwenye mpango wa pesa: ugonjwa mpya ulichukua mfuko wote, wa zamani ukabaki bila chochote.

Ugonjwa wa zamani haungoji

Kemo nyingi huja pamoja na dawa za steroidi, kama deksamethasoni, ambazo husaidia kuzuia kutapika na mzio. Dawa hizo hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye sukari yake ilikuwa imetulia. Kemo pia hupunguza chembechembe nyeupe za damu, kwa hivyo mwili unapigana na maambukizi kwa shida, na sukari ikiwa juu shida hiyo huongezeka. Kuna dawa za kemo ambazo huchosha figo, na zingine hutia ganzi vidoleni na kwenye nyayo. Hapo ndipo sukari nayo hupenda kushambulia.

Halafu kuna upande wa pili. Ukitapika na ushindwe kula, insulini ile ile ya kila siku inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ndiyo maana hupaswi kuacha dawa wala kubadilisha dozi kivyako. Uliza kwanza.

Mambo matatu kabla ya siku ya kwanza

1. Andika dawa zako zote. Jina, kiasi, saa ya kumeza. Za sukari, za presha, ARV kama unatumia, na hata zile za mitishamba ambazo watu huogopa kumtajia daktari. Piga picha pakiti zake uziweke kwenye simu. Daktari wa saratani anaweza kuwa hajawahi kuona faili yako ya kliniki ya sukari.

2. Nenda na maswali. Nani atasimamia sukari yangu wakati wa kemo? Nikitapika, nimeze dawa au niache? Sukari ikifika ngapi nipige simu, na usiku nipigie nani? Uliza pia kuhusu homa. Kwa mtu aliye kwenye kemo, joto la nyuzi 38 au zaidi ni jambo la kwenda hospitali mara moja, si la kungoja asubuhi.

3. Hakikisha SHA yako iko sawa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Piga *147# uone kama umesajiliwa na mchango wako umelipwa. Matibabu ya saratani yana kiwango cha mwaka kwa familia nzima, kwa hivyo uliza dawati la SHA hospitalini ni kiasi gani kimebaki kabla hamjaanza.

Gawanya mchango mara tatu

Mfuko wa kwanza ni wa saratani: vipimo, kemo, mionzi, na chochote ambacho SHA haitalipa.

Mfuko wa pili ni wa safari. Kemo nyingi hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Mionzi mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, kwa hivyo anayetoka mbali huhitaji mahali pa kulala. Uliza pia kama kuna kituo kilicho karibu nawe: Mombasa, Nakuru, Garissa na Eldoret kuna hospitali za umma zinazotibu saratani.

Mfuko wa tatu ni wa ugonjwa wa zamani: dawa za kila mwezi, stripu za kupimia sukari, chakula kinachofaa. Huu ndio mdogo kuliko yote, na ndio tunaomba mujaze kwanza.

Ziweke pesa hizo kwenye akiba ya simu iliyofungwa, au zilipwe moja kwa moja kwa nambari ya till ya duka la dawa. Usingoje kukopa kwa simu. Mkopo ni wa dharura, na dawa ya kila mwezi tarehe yake inajulikana. Mweka hazina naye aweke hesabu kwenye grupu kila wiki ili maneno yasianze.

Na tafadhali, mgonjwa asimpe mtu PIN yake, hata kama amechoka. Msaidizi atumiwe pesa kwa laini yake mwenyewe. Wewe unayechanga, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Kuna matapeli wanaochukua picha ya mgonjwa na kubadilisha nambari tu.

Mama anaendeleaje? Sukari ilishuka, kemo ikaanza, na tunapoandika haya amemaliza ya nne. Kila tarehe 1 binti hulipa duka la dawa pale Kitui, kisha humtumia mama ujumbe kwamba dawa ziko tayari, akachukue.

Kama kwenu kuna mgonjwa, mpigie leo. Ukimaliza kuuliza kemo ni lini, muulize pia dawa yake ya zamani imebaki ya siku ngapi.