Machicha na mashudu: Mabaki ya viwanda yapata bei Meru

ARUSHA: Mabaki ya viwanda vya chakula na vinywaji, ambayo kwingineko hugharimu fedha kuyatupa, ni bidhaa yenye wateja wa kudumu katika miteremko ya Mlima Meru. Machicha ya bia, mashudu ya alizeti na pumba za mahindi hununuliwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na samadi ya bandani hurudi kwenye migomba na kahawa.

Soko hili limetokana na uhaba wa ardhi. Katika vijiji kama Akheri, Poli na Nkoaranga, mashamba ya familia ni madogo na ng'ombe hufugwa bandani. Migomba na mabua ya mahindi humshibisha ng'ombe, lakini hayatoshi kumpa maziwa mengi. Protini lazima inunuliwe, na bei yake ndiyo inayoamua kama maziwa yanayoteremshwa mjini yataleta faida au hasara.

Kwa upande wa viwanda, kila lita 100 za bia huacha takriban kilo 20 za machicha mabichi. Mjini Arusha kuna kiwanda cha Tanzania Breweries Limited, kampuni iliyobinafsishwa mwaka 1993. Alizeti nayo ikikamuliwa kwa mashine huacha mashudu mengi kuliko mafuta, hivyo mkamuaji asiyeuza mashudu atapata shida kushindana kwa bei ya mafuta.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganywe na urahisi wa bei. Machicha mabichi yana maji asilimia 75 hadi 80, wakati mashudu yana maji asilimia 10 hivi. Katika kilo 100 za machicha, chakula kikavu ni kilo 20 hadi 25 tu. Katika kilo 100 za mashudu ni kilo 90. Kwa hiyo machicha yakifika bandani, nauli ikiwemo, kwa zaidi ya robo ya bei ya mashudu, mfugaji ananunua maji. Aliye karibu na mji anaweza kufaidika. Aliye Usa River au juu zaidi mlimani apige hesabu kwanza.

Bei ya mashudu hufuata msimu. Hushuka baada ya mavuno ya alizeti katikati ya mwaka na kupanda kadiri mbegu zinavyopungua. Aidha, watengenezaji wa chakula cha mifugo wa Kenya nao hununua mashudu ya Tanzania. Wakihitaji zaidi, mzigo huvuka Namanga na mfugaji wa Meru hulazimika kulipa zaidi. Vikundi vyenye ghala kavu vinaweza kununua wakati wa mavuno na kujikinga.

Hatari kubwa ni ubora. Machicha huchacha na kuota ukungu ndani ya siku chache, na mashudu yaliyohifadhiwa penye unyevu hupata sumukuvu, ambayo hupita hadi kwenye maziwa. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Machicha ya ziada yashindiliwe yangali mabichi katika pipa au mfuko usiopitisha hewa. Yaliyoota ukungu yasipewe ng'ombe, hata kama yalinunuliwa ghali.

Samadi pia ina thamani zaidi ya mbolea. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha, kimesambaza mitambo ya biogesi tangu miaka ya 1980. Mtambo hutoa gesi ya kupikia, na tope linalobaki huenda shambani likiwa bado mbolea. Mfugaji anayenunua machicha kwa hesabu na kutumia samadi kwa njia hii hupata maziwa, gesi na ndizi kutokana na mzigo uleule. Asiyepiga hesabu huwa amekisaidia kiwanda kuondoa uchafu wake, tena kwa fedha zake mwenyewe.