Kampuni ya Wahandisi Inapokua, Ajira Hutoka Wapi?

Kiwanda cha nguo kikitaka kupanuka hununua mitambo. Kampuni ya wahandisi washauri haiko hivyo. Bidhaa yake ni maarifa, na maarifa hukaa vichwani mwa watu. Kwa hiyo ni vigumu kampuni ya aina hii ipanuke bila ya kuajiri. Swali ni hili: je, ajira hizo zitadumu, au zitakwisha pamoja na mkataba?

Tuitazame kampuni iliyoanzishwa na Ove Arup mjini London mwaka 1946. Mwaka 1957 msanifu majengo Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la kubuni jumba la opera la Sydney, Australia, na kampuni hiyo ikakabidhiwa uhandisi wake. Paa lenye umbo la matanga halikuwa na kanuni iliyozoeleka. Kompyuta zilitumiwa, na maumbo mengi yalijaribiwa yakaachwa. Mwaka 1961 iliamuliwa kwamba matanga yote yawe vipande vya tufe moja, lenye nusukipenyo cha mita 75 hivi, ili sehemu za zege zimwagwe katika kalibu zile zile. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973.

Mradi ulikwisha, maarifa yalibaki. Kampuni iliingia pia katika fani nyingine, kama vile usanifu wa majengo, sauti za kumbi na kinga ya moto. Leo ina wafanyakazi zaidi ya 15,000, nayo inamilikiwa kwa dhamana kwa manufaa yao. Tena mhandisi hafanyi kazi peke yake: humhitaji mpima ardhi, mchoraji, fundi sanifu na mpimaji wa udongo maabarani.

Mwaka huo huo wa 1973 Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Hana budi kwanza kufanya kazi chini ya waliomtangulia, ndipo asajiliwe. Kwa sababu hiyo Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania ilianza mwaka 2003 mpango wa kuwapatia wahitimu mafunzo ya vitendo.

Kampuni inayoajiri wazoefu tu hupunguza gharama za leo, na kesho hukosa wa kuwarithi. Ile inayomfunza kijana katika kila mkataba huweka akiba. Na akiba haiozi.