Mama Aliyekuja Bila Mtoto

Katika Injili ya Dominika ya 20 ya Mwaka A tunakutana na mwanamke Mkanaani wa pande za Tiro na Sidoni, ambaye binti yake anateseka vibaya. Tukiisoma kwa haraka, jambo moja hutupita: binti mwenyewe hayupo. Amebaki nyumbani. Anayelia njiani, ambaye wanafunzi wanataka aondoshwe, anayejibizana na Bwana hadi mwisho, ni mama. Naye Mwinjili Mathayo anatueleza kwamba uzima ulimfikia mtoto kule kule alikobaki.

Tumeanza na mama huyo kwa sababu ya swali tulilopokea kutoka kwa wasikilizaji kadhaa, wawili kati yao makatekista. Wanauliza iwapo ni halali, tena ni busara, familia iliyoelemewa na matatizo ya malezi kutafuta tiba ya mazungumzo kwa njia ya mtandao, yaani kuzungumza na mtaalamu wa saikolojia kwa simu au kompyuta, wakionana kwa picha huku kila mmoja yuko kwake. Kuhusu uhalali, hatuoni kizuizi. Kuhusu busara, inafaa kwanza tuelewe tiba yenyewe inafanyaje kazi.

Katika karne iliyopita wataalamu kama Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Marekani, walitambua kwamba haitoshi kumchukua mtoto msumbufu, kumtibu peke yake, kisha kumrudisha katika nyumba ile ile. Wakaanza kuiita familia nzima, wakitazama nani humkatiza nani, nani hunyamaza, mtoto humkimbilia nani baba na mama wanapogombana. Hiyo ndiyo tiba ya familia.

Yupo mtaalamu mwingine, Sheila Eyberg, naye wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1970 alibuni njia inayowahusu wazazi wa watoto wadogo. Mzazi na mtoto huwekwa katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mtaalamu hukaa upande wa pili wa kioo, akiwaona bila wao kumwona, na mzazi huvaa sikioni kidude kidogo cha kusikilizia. Mtoto akipanga vipande vya mbao, mzazi hanong'onezwi kwamba amfundishe. Huelekezwa aseme tu anachokiona, kwamba kile chekundu kimewekwa juu ya cha kijani, ayarudie maneno ya mtoto, amwige, amsifu kwa jambo mahususi alilolifanya vema. Katika dakika hizo haamuru, hahoji wala hakosoi. Kisha hutakiwa kufanya vivyo hivyo nyumbani dakika 5 kila siku.

Huenda msikilizaji akadhani kwamba huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Basi ajaribu leo jioni kukaa dakika 5 na mtoto wa miaka 4 bila kumwamuru lolote. Sisi tulijaribu na mjukuu wa dada yetu, na hatukuimaliza dakika ya pili. Ni baada ya mzazi kuyazoea hayo ndipo anapofundishwa kutoa amri: chache, zilizo wazi, moja baada ya nyingine, na kuzisimamia bila ghadhabu. Mpangilio huo una maana yake, kwani mtoto anayesikia sauti ya mzazi pale tu anapokaripiwa hujifunza kuikwepa.

Mtandao uliingia hapo kwa urahisi, maana mahali pa kioo pamechukuliwa na kamera. Jonathan Comer na wenzake wa Florida International University walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya watoto 40 wa umri wa miaka 3 hadi 5 wenye ukaidi na fujo za kupita kiasi. Baadhi ya familia zilifika kliniki, nyingine zilihudumiwa nyumbani kwao kupitia mtandao. Waliobaki nyumbani hawakupata nafuu hafifu kuliko wenzao. Tena yapo mambo ambayo kliniki haiyaoni: mtoto hutulia mbele ya wageni, lakini fujo zake huzifanya palepale anapolala na kula. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango, wataalamu wengi duniani walilazimika kufuata njia hiyo ya kufanya kazi kwa mbali.

Tunapoyasoma hayo tunamkumbuka baba mmoja aliyetuletea mwanawe wa miaka 13, akatuambia: "Padre, mwombee huyu, amenishinda." Tulimwekea mtoto mikono, tukamwasa awatii wazazi wake, tukawaaga. Mtoto hakusema neno. Nasi hatukumwuliza baba swali hata moja: tangu lini, nani humpiga na kwa kosa gani, nani huzungumza naye jioni. Miezi michache baadaye mtoto alitoroka, akaonekana katika stendi ya mabasi ya mji mwingine. Baba yule huja Misa ya kwanza hadi leo na kutusalimia kwa heshima. Hajawahi kutulaumu, na afadhali angetulaumu.

Katika nchi zetu wataalamu wa namna hii ni wachache, na wengi wao wako mijini. Hapo ndipo simu inapoweza kufupisha njia, hasa kwa familia ambayo baba yuko migodini Geita na mama yuko Singida na watoto. Wawili hao hawawezi kuketi mbele ya mshauri mmoja kwa namna nyingine. Huko Mwanza watafiti wamejaribu programu ya simu iitwayo ParentApp, kwa ajili ya wazazi na walezi wa vijana wa miaka 10 hadi 17, ambayo ikishapakiwa inaweza kutumika bila bando. Hayo ni mafundisho ya malezi, si tiba. Na mtoto aliye hatarini apigiwe namba 116, ambayo ni ya bure Tanzania na Kenya pia.

Lakini kuna hatari. Katika nyumba ya vyumba viwili, mama ataongea nini juu ya binti yake ikiwa binti anasikia nyuma ya pazia? Na mahali ambapo mume humpiga mke, kikao cha familia nzima mbele ya kamera kinaweza kumponza mke huyo, kwa kuwa atakalolisema mchana atalilipia usiku. Mshauri mwaminifu huzungumza kwanza na kila mmoja peke yake na kumwuliza kama yuko salama. Asiyeuliza hivyo, au asiyetaka kueleza amesomea wapi, aachwe.

Kuna pia suala la siri. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliituhumu kampuni ya BetterHelp, inayotoa tiba kwa mtandao, kwamba ilizipa kampuni za matangazo taarifa za wateja wake. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8, bila kukiri kosa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo humpa mwananchi haki ya kuuliza taarifa zake zinakwenda wapi. Aulize kabla ya kufungua moyo wake. Mtu asichanganye, basi, mazungumzo hayo na kitubio, ambacho hakifanyiki kwa mtandao. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilieleza wazi kwamba hakuna sakramenti katika intaneti.

Kwetu parokiani tumetenga chumba kidogo nyuma ya ofisi ya makatekista. Kina meza, viti vitatu, umeme, na mlango unaofungwa kwa ndani. Familia yenye ahadi na mshauri inaweza kukitumia Jumamosi alasiri bila kutueleza sababu. Ufunguo uko kwa katekista mkuu, naye ameagizwa asiandike jina la anayeuchukua.