Machozi kwa Ajili ya Jogoo

Wazee wetu walisema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatuipingi. Lakini siku moja kulikucha nyumbani kwetu bila jogoo, nasi tukajifunza jambo ambalo twataka kuwaeleza wazazi na wanafunzi.

Sisi twakaa Bukavu, mtelemkoni juu ya ziwa Kivu. Uani tulikuwa na jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi. Watoto walimwita Kapita, kwa kuwa ndiye aliyetuamsha sote kwenda kazini, kama makapita wa zamani. Aliwika kungali giza, mama watoto akawasha makaa, ndipo baadaye kengele ya Misa ikalia. Kapita hakulingoja jua. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, huko Japani, walionyesha ya kuwa jogoo ana saa yake mwilini: hata akiwekwa siku nyingi penye mwanga hafifu usiobadilika, huwika karibu na wakati wa mapambazuko.

Mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka tisa, alimlea Kapita tangu kifaranga. Alimgawia mahindi yake mwenyewe, naye jogoo alimsindikiza kila asubuhi mpaka mwanzo wa njia ya shule.

Siku moja Kapita alisimama pembeni, manyoya yamevurugika, akipumua mdomo wazi na kuhara kijani. Kesho yake shingo ilipinda. Jirani akatushauri: «Baba, mchinje upesi, nyama isipotee.» Tukachukua kisu. Mtoto akamkumbatia jogoo, akalia. Ndipo tukasema neno tunalolijutia hata leo: «Mwanamume halilii kuku!»

Tuliweka kisu chini, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Usiku ule Kapita akafa. Asubuhi hakuna aliyetuamsha; watoto wakachelewa shuleni, sisi kazini. Yule mdogo hakula, wala hakusema nasi. Jioni mama watoto akatuambia kwa upole: «Baba watoto, huyu halii nyama. Analia kwa sababu alikabidhiwa kiumbe, akakitunza, naye ameshindwa kukiokoa. Wamfundishaje kupenda, nawe wamkataza kulia?»

Tulikaa kimya, tukafikiri. Je, kumlilia jogoo ni upuuzi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha ya kuwa wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi twawiwa kuwatendea wema. Yaruhusu kuwapenda, lakini yaonya tusiwape upendo unaowapasa watu tu. Basi, kosa si kumlilia kuku. Kosa ni kumlilia kuku na kumpita jirani mwenye njaa. Naye Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alionya ya kuwa ukatili kwa viumbe vingine huishia kuwafikia watu pia.

Tena tukumbuke: Waevanjeli wote wanne wametaja jogoo aliyewika Petro alipomkana Bwana. Sauti ile ilimtoa Petro machozi, na machozi yale yalimrudisha. Hata Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alitunga utenzi wa Kanisa unaomtaja jogoo awaamshaye waliolala. Kwa nini basi sisi tumwonee haya mtoto alizaye jogoo wake?

Tulimwita mtoto, tukamwomba radhi. Baba kumwomba mwanawe radhi si aibu. Tukachimba pamoja shimo refu nyuma ya migomba, tukamwaga chokaa, tukamfukia Kapita, kisha tukanawa mikono kwa sabuni. Mtoto akauliza: «Baba, Kapita atakwenda mbinguni?» Tukamjibu: «Mwanangu, Yezu alisema ya kuwa hata shomoro mmoja hasahauliwi na Mungu. Yaliyobaki tumwachie Yeye.» Akaridhika.

Lakini jaribu halikuisha. Walibaki kuku wanane, nao wawili walianza kuzubaa. Minervali ya shule ilikuwa haijalipwa. Tukawaza kuwapeleka wote sokoni alfajiri, kabla watu hawajatambua. Mtoto akasikia, akasema: «Baba, tukiwauza, na mtoto mwingine atalia.» Tukaaibika. Hatukuwauza. Wanne wakafa, minervali tukailipa kidogo kidogo, kwa kukopa.

Mganga wa mifugo alituambia ugonjwa huo ni kideri, ambao Wazungu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Hauna dawa ya kuuponya, nao waweza kuteketeza karibu kuku wote wa ua. Huchukuliwa na kuku wagonjwa, mavi yao, vyombo, hata viatu vyetu. Lakini iko chanjo: tone moja jichoni mwa kuku mzima. Iitwayo I-2, itumikayo katika nchi kadhaa za Afrika, hustahimili joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Haimponyi aliyekwisha kuugua; basi, tuchanje mapema. Kuku mgeni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganyika na wengine.

Leo jogoo mchanga awika uani, sauti yake bado ya kukwama. Mtoto hakumpa jina la Kapita. Asema jina lile lina mwenyewe. Lakini siku ya chanjo yeye ndiye amshikaye, naye huhesabu miezi kwa mkaa ukutani.

Wazazi wenzetu, mtoto akilia kwa ajili ya kiumbe alichokitunza, msimcheke. Kaeni naye kidogo, kisha mpeni kazi ya kufanya. Moyo ujifunzao kutunza kilicho kidogo, kesho hautamwacha ndugu mgonjwa.