Nyambizi I-27 na Msiba wa Khedive Ismail

Ndugu msomaji, kwetu Shanwe vita vya majini vikitajwa, fikra huenda moja kwa moja kwa Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Lakini uko msiba mkubwa zaidi uliowapata askari wa Afrika Mashariki baharini, nao hautajwi sana. Uliletwa na nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27.

Nyambizi hii ilikamilika huko Sasebo, Japani, Februari 1942. Urefu wake ulikaribia mita 109. Mwezi Mei mwaka huo ilibeba nyambizi ndogo iliyotumwa kushambulia bandari ya Sydney, Australia. Hiyo ndogo ikanasa katika wavu wa bandari. Baadaye I-27 ikafanya makao Penang, Malaya, na kuanzia mwaka 1943 ikawa chini ya nahodha Fukumura. Kazi yake ilikuwa kuvizia meli za biashara katika Bahari ya Hindi. Juni 1943 iliipiga meli ndani ya bandari ya Muscat kwenyewe. Novemba mwaka huo huo ikazamisha meli kadhaa katika Ghuba ya Aden.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ukisindikizwa na manowari. Mojawapo ni Khedive Ismail, iliyopewa jina la mtawala wa Misri wa miaka 1863 hadi 1879. Yule yule aliyetuma jeshi mwaka 1875 likateka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja. Melini walikuwamo watu 1,511: askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, na wanawake wauguzi.

Tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, torpido mbili za I-27 ziliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tatu tu. Walikufa takribani watu 1,300.

Msiba haukuishia hapo. Nyambizi ilikuwa chini ya maji, na juu yake walielea walionusurika. Manowari Paladin na Petard zilikuwa na njia moja ya kuifikia: mabomu yanayolipuka kilindini. Yakaangushwa, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakauawa na mabomu ya upande wao. I-27 ikalazimika kuibuka. Baada ya mapambano marefu, torpido ya saba ya Petard ikaimaliza.

Hapa pana mas'ala ambayo wanazuoni wameyajadili kwa jina la tatarrus, yaani adui kukingwa na watu ambao ni haramu kuwaua. Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111 Miladia), katika al-Mustasfa, aliweka masharti matatu: iwe dharura, iwe yakini, na maslahi yawe ya umma mzima. Akatoa mfano wa watu wa chomboni watakaoghariki wote wasipomtupa mmoja wao: hairuhusiwi, kwa sababu wao ni kundi lenye idadi, si umma mzima. Mahanafi walipanua zaidi, wakaruhusu kupiga mradi anayekusudiwa awe adui.

Tukipima tukio letu, dharura ilikuwapo: nyambizi ilikuwa hai, na meli nyingine zilizojaa askari hazikuwa mbali. Yakini ilipungua, kwani mabomu yangeweza kuikosa. Sharti la tatu ndilo zito: waliokuwa wakiokolewa ni abiria wa msafara, mfano wa wale wa chomboni. Kwa mizani ya Ghazali, basi, ruhusa haipatikani kwa wepesi. Kwa mizani ya Mahanafi hupatikana. Nahodha wa Kiingereza hakuvifuata vitabu hivyo, lakini alisimama mbele ya swali lile lile, na muda wake ulikuwa dakika chache.

Askari wale hawana makaburi. Majina yao yamechongwa katika mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi. Mwenye babu aliyeondoka Kilindini mwaka 1944 asirudi, na aanzie kumtafuta hapo. Wallahu aalam.