Tazama Miguu ya Kuku Wako

Mtu akienda sokoni kununua kuku humpima uzito kwa mkono, humpapasa kifuani aone kama ana nyama, kisha hulipa. Miguu haitazami, ila kwa kutafuta mahali pa kufungia kamba. Hapo ndipo hasara huingia nyumbani. Kuku wa kienyeji hujitafutia chakula kwa kuchakura. Asiyeweza kuchakura hashibi, na asiyeshiba hatagi. Jogoo mwenye miguu mibovu naye hawezi kupanda majike vizuri, na mayai utakayoatamisha hayataanguliwa.

Kagua kuku wako mara moja kila mwezi. Wakati mzuri ni usiku wakiwa wamelala, kwa maana hapo hawakimbii. Chukua tochi, mshike kila mmoja kwa mikono miwili ukibana mabawa yake. Usimning'inize kwa miguu.

Mguu mzima una magamba laini yaliyolala kama mabati juu ya paa. Ukiona magamba yameinuka, na chini yake pana unga mweupe au ukoko mnene, ujue ni utitiri wa miguu. Wadudu hawa ni wadogo mno, huwezi kuwaona kwa macho. Hutoboa chini ya magamba, wakala na kuzaa humo. Wengi hudhani ni uzee tu, kwa sababu kuku wakubwa ndio huonekana nao zaidi. Si uzee. Ukiwaacha, mguu huvimba, kuku huchechemea, na mwisho vidole vyaweza kukatika. Nao huenea polepole kutoka kuku mmoja hadi mwingine, hasa wanapolala wakigusana.

Dawa yake si ghali. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukisugua kwa mswaki mkuukuu, lakini usibandue magamba kwa nguvu, damu itatoka. Ikikauka, paka mafuta mazito ya kujipaka au mafuta ya kupikia, yaingie chini ya kila gamba. Wadudu watakosa hewa wafe. Rudia kila siku ya tatu kwa majuma matatu au manne, kwani wadudu wapya huendelea kuzaliwa. Wapake kuku wote, hata wanaoonekana wazima, na fito wanazolalia uzioshe au uzichome moto uweke mpya. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambayo wengine huyasifu sana, huunguza ngozi ya kuku. Waachie wenye taa na wenye magari.

Sasa geuza mguu utazame wayo. Uvimbe wenye kidonda cheusi katikati hutokana na mwiba, au na kuruka kutoka fito ya juu mno na kutua juu ya mawe. Uchafu huingia, usaha ukajikusanya. Osha kwa maji ya moto kidogo yenye chumvi, paka dawa ya iodini, ufunge kitambaa safi. Usipasue kwa wembe. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Shusha fito, na mwage maranda makavu chini.

Vifaranga wenye vidole vilivyokunjwa kwa ndani mara nyingi wamekosa vitamini, hasa wale wanaolishwa mahindi matupu. Wape chakula cha vifaranga na mboga za majani.

Lakini kuku kijana akilala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huo ni ugonjwa wa Marek, nao hauna dawa; kinga yake ni chanjo siku ya kwanza ya kuanguliwa. Na kuku wakipooza miguu huku shingo zimepinda na kinyesi ni cha kijani, yaelekea ni kideri. Usiwauze wala usiwagawie jirani. Mwite Afisa wa Mifugo siku hiyo hiyo.

Kuku mgeni usimfunge kamba mguuni, maana hukata nyama. Mpake mafuta miguu yote miwili, umweke peke yake majuma matatu, ndipo umchanganye na wenzake.