Kiwanja Juu ya Shimo la Jasi

Ukisafiri kutoka Same kwenda Korogwe, utapita Makanya. Mkono wa kushoto utaiona milima ya Upare. Mkono wa kulia ni tambarare kavu.

Katika nchi hiyo kavu huchimbwa jasi. Jasi ni madini meupe na laini. Maji ya mvua huteremka kutoka milimani yakiwa na chumvichumvi za mawe. Yakifika chini, jua kali huyakausha. Maji huondoka, jasi hubaki. Jua limeifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka. Watu wenye sururu na mabeleshi huimaliza kwa miaka michache.

Jasi hupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Huko hutiwa kidogo tu, kama kilo 5 katika kila kilo 100. Bila jasi, saruji ikitiwa maji ingeganda upesi mno, fundi hajapata hata kuinua mwiko.

Jasi ikiisha mahali, mchimbaji huhama. Shimo hubaki. Baadaye barabara huleta watu, maduka na nyumba za matofali. Viwanja hutafutwa. Shimo la zamani hufukiwa, majani huota, na mgeni haoni kitu.

Wewe unayetaka kujenga mahali pa namna hiyo, usitazame bei tu. Waulize wazee: hapa palichimbwa? Rudi ukapaone baada ya mvua kubwa. Kisha chimba shimo la kujaribia, kina cha kimo cha mtu. Ukikuta udongo umechanganyika na takataka na vipande vyeupe, hapo pamefukiwa. Udongo wa kufukia hushuka polepole, na kuta hupasuka. Hata pasipochimbwa, jasi huyeyuka kidogo kidogo katika maji, na maji hayo hula saruji ya msingi. Ni ajabu, maana ndiyo jasi ile ile iliyoisaidia saruji kiwandani!

Tena, karatasi ya mtu mmoja haitoshi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo hugawa ardhi ya kijiji, nayo hupata kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Nenda mkutanoni, uliza mbele ya watu. Jirani anayejua habari za shimo atasema.

Na yale mashimo yaliyo wazi? Mvua ikinyesha hujaa maji. Mbu huzaliana humo, na watoto huogelea. Yazungushieni miiba ya migunga kabla ya masika.